Grizedale, Whinlatter, Claife au Borrowdale: njia ipi ya baiskeli ya milimani inakufaa Lake District?

Ukikunjua ramani ya Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, utaona maziwa membamba yamelala katikati ya vilima, misitu imeshikilia miteremko, na vijistari vya kijani vikikatiza kila bonde. Kila njia inavutia, na karibu zote zinaonekana fupi. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Kilomita 12 za Claife hazifanani na kilomita 12 za Whinlatter, na kilomita 27 za Borrowdale zinaweza kukumalizia siku nzima pamoja na padi za breki. Kinachoamua siku yako itakuwaje ni jiwe lililo chini ya tairi, maji yanayopita juu yake, na umbali uliopo kati yako na barabara ya lami mambo yakiharibika.

Hapa tunalinganisha njia nne zinazotajwa mara nyingi: North Face Trail ya msitu wa Grizedale, njia za msitu wa Whinlatter (Altura na Quercus), mzunguko wa Claife kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa Windermere, na mzunguko wa Borrowdale unaoanzia mji wa Keswick.

Vigezo, na mtego wa rangi ya buluu

Kila njia tunaipima kwa mambo matano: uso wake, kupanda kwake, inavyokuwa mvua ikinyesha, kinachoharibika zaidi, na namna ya kuifikia. Kisha tunasema inamfaa nani.

Kabla ya hapo, mambo mawili ya alama. Forestry England, wanaosimamia misitu ya Grizedale na Whinlatter, hupanga njia zao kwa rangi: kijani ni rahisi kabisa, buluu ni ya wastani, nyekundu ni ngumu, nyeusi ni ya wazoefu. Njia za asili zilizo nje ya misitu hiyo hazina madaraja hayo. Mshale wa buluu uliopigiliwa kwenye nguzo kule Claife au Borrowdale hausemi "wastani". Unasema tu kwamba hiyo ni njia ya farasi, na kwamba baiskeli nazo zinaruhusiwa. Mgeni aliyemaliza Quercus, ambayo ni buluu, akifuata mshale wa buluu huko Borrowdale kwa kudhani ni ugumu uleule, atashuka na kusukuma baiskeli kabla hata hajatoa jasho la kwanza.

Ruhusa hiyo imo katika sheria ya Countryside Act ya mwaka 1968, yenye sharti moja: mwenye baiskeli awapishe wanaotembea kwa miguu na wanaopanda farasi. Mshale wa manjano ni wa waenda kwa miguu peke yao. Wa zambarau na mwekundu, baiskeli zinapita. Kwenye ramani za Ordnance Survey Explorer za kipimo cha 1:25,000, njia ya farasi huchorwa kwa vistari virefu vya kijani na njia ya miguu kwa vistari vifupi. Ramani namba OL7 inakutosha kwa Grizedale na Claife. Kwa Whinlatter na Borrowdale beba OL4. Ukiwa umechoka na mvua inakupiga usoni, tofauti ya kistari kirefu na kifupi haionekani vizuri, kwa hiyo pitia mzunguko wako wote ukiwa bado mezani.

Grizedale: North Face Trail

*Uso.* Ni kilomita 16 za daraja jekundu. Vipande vingi vyembamba vya njia vimeunganishwa na barabara pana za changarawe zinazotumiwa na malori ya magogo. Ndani ya vipande hivyo kuna mizizi, mawe yaliyopandwa kwa makusudi, kona kali katikati ya miti, na kile kinachoitambulisha njia hii: vijia vya mbao vilivyoinuliwa juu ya ardhi ya majimaji. Mbao si nyembamba mno kwa mtu anayejua kutazama mbele. Anayetazama gurudumu lake la mbele ndiye anayeanguka.

*Kupanda.* Hakuna mlima mmoja mrefu wa kukuvunja moyo. Unapanda kwenye barabara ya changarawe, unashuka kipande chembamba, unapanda tena. Mwili unachoka kwa kurudiarudia. Mtu wa wastani ahesabu saa 2 hadi 3 pamoja na mapumziko.

*Mvua.* Mbao zilizoloa huteleza kama sabuni. Kanuni ni moja: kabla hujazipanda, punguza mwendo, ukishakuwa juu yake, usishike breki, usikate kona, kanyaga pedali polepole na mfululizo. Kuteleza kwenye mbao hutokea tairi linapoambiwa kufanya kazi mbili kwa pamoja, kugeuka na kusimama. Mizizi ni hivyo hivyo: ivuke kwa pembe mraba, ukiikanyaga kwa mshazari inakutupa pembeni.

*Kinachoharibika.* Zaidi ni kibadilisha gia cha nyuma kugonga kisiki, na kile kipande laini cha aluminiamu kinachokishikilia kupinda. Kila baiskeli ina umbo lake la kipande hicho na duka la karibu huenda lisiwe na chako, hivyo beba cha akiba. Kina uzito wa gramu chache tu.

*Kufika.* Kituo cha wageni kiko bondeni, kilomita kama 4 kusini mwa kijiji cha Hawkshead kwa barabara nyembamba yenye mlima. Kuna maegesho ya kulipia, baiskeli za kukodi na mkahawa. Jambo jingine: msitu huu ni msitu wa mbao, na miti hukatwa. Dhoruba ya Arwen ya Novemba 2021 iliangusha miti mingi sana katika eneo hili, na ugonjwa wa miti ya lachi uitwao Phytophthora ramorum bado unalazimisha ukataji. Kipande cha njia kinaweza kufungwa wiki hii na kufunguliwa wiki ijayo, kwa hiyo tazama taarifa za Forestry England siku moja kabla.

*Inamfaa nani.* Anayejua kushuka akiwa amesimama juu ya pedali, anayependa kona za msituni kuliko mandhari, na ambaye hataki kusoma ramani: alama zimewekwa mwanzo hadi mwisho. Baiskeli yenye shokapu za mbele tu inatosha kabisa.

Whinlatter: Altura na Quercus

*Uso.* Hapa njia zimejengwa na mikono ya watu tangu chini, kwa mawe yaliyoshindiliwa. Altura ni nyekundu, kilomita 19 kwa jumla, na imegawanyika vitanzi viwili vinavyokutana kwenye kituo cha wageni: cha kaskazini kilomita 10, cha kusini kilomita 9. Kona zina kingo zilizoinuliwa, na kuna vilima vya kurukia ambavyo asiyetaka kuruka anaweza kuviviringikia tu. Quercus ni buluu, kilomita 7.5, pana zaidi na yenye mawimbi laini. Ni mahali pazuri pa kumfundisha mtu namna ya kuilaza baiskeli kwenye kona huku mwili ukibaki wima.

*Kupanda.* Wa kweli. Watu wengi huita Whinlatter msitu pekee wa mlimani wa Uingereza, na miguu yako haitabisha. Njia zinapanda kwa zigizaga ndefu zenye mwinuko wa wastani. Gia ndogo ni muhimu: gurudumu la meno 30 au 32 mbele na 50 nyuma ndilo linaloruhusu kupanda ukiwa bado unaweza kuzungumza. Kitanzi cha kusini kinapanda juu zaidi ya cha kaskazini. Ukiwa na nguvu za kitanzi kimoja tu na unataka kuona ziwa Bassenthwaite na mlima Skiddaw (mita 931) ng'ambo, chukua cha kaskazini.

*Mvua.* Katika njia zote nne, hii ndiyo inayovumilia mvua kuliko zote. Maji yanapita pembeni kwenye mifereji, na jiwe lililoshindiliwa halitengenezi tope zito. Gharama yake ni mchanga mkali unaochanganyika na maji na kusaga breki kama tupa. Padi laini za aina ya ogani zinaweza kwisha kwa siku moja au mbili za mvua; padi za metali hudumu zaidi, ingawa hupiga kelele.

*Kinachoharibika.* Mikono na rimu. Mikono, kwa sababu mtu anashika breki muda wote kwenye mteremko badala ya kuzibana kwa nguvu kabla ya kona na kuziachia ndani yake. Rimu, kwa sababu anayeruka bila kuchungulia kwanza anatua na gurudumu la nyuma kwenye ukingo wa jiwe. Pita mara ya kwanza polepole. Mara ya pili utajua ni kilima kipi kina mahali pa kutua na kipi hakina.

*Kufika.* Kituo cha wageni kiko karibu na kilele cha barabara ya Whinlatter, B5292, magharibi mwa Keswick. Ukitoka Keswick kwa baiskeli ni kilomita kama 8, na kuanzia kijiji cha Braithwaite unapanda zaidi ya mita 200 kabla ya kuigusa njia yenyewe. Anayepanga kufanya vitanzi vyote viwili vya Altura heri afike kwa gari.

*Inamfaa nani.* Kundi la watu wa viwango tofauti. Wageni wanaenda Quercus, wazoefu Altura, na wote wanakutana kwenye meza moja mchana. Inamfaa pia mwenye siku moja tu na utabiri mbaya wa hali ya hewa.

Claife na ukingo wa Windermere

*Uso.* Sehemu mbili tofauti kabisa. Ukingoni mwa ziwa, kutoka kivukoni kuelekea Belle Grange na Wray Castle, ni njia pana ya msituni, karibu tambarare, yenye mawe hapa na pale. Juu, kwenye Claife Heights, ni njia za farasi za zamani: miamba iliyolala wazi, vidimbwi, mizizi, na matope ambayo baadhi ya misimu hayakauki. Mzunguko unaopendwa huanzia Far Sawrey, ukapita vijiziwa vya Moss Eccles na Wise Een, ukashuka kwa kasi hadi Belle Grange na kurudi kwa ukingo wa ziwa. Ni kilomita kama 12.

*Kupanda.* Mfupi, ila wa jeuri. Uelekeo unabadilisha kila kitu. Mteremko wa Belle Grange ni wa mawe yaliyopangwa zamani na umesimama. Kuupanda maana yake ni kusukuma baiskeli. Kwa hiyo panda kutokea Sawrey, ushukie Belle Grange. Asiyejiamini ashuke kwa miguu mita mia kadhaa na hajapoteza kitu.

*Mvua.* Ukingo wa ziwa unabaki safi. Juu kunageuka uji.

*Kinachoharibika.* Si kikubwa. Kupe wapo kwenye magugu ya kando ya njia kuanzia majira ya kuchipua, na huweza kubeba ugonjwa wa Lyme. Vaa soksi ndefu na ujikague jioni, nyuma ya magoti hasa.

*Kufika.* Hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa asiye na gari. Treni inafika stesheni ya Windermere. Kutoka hapo unateremka hadi kivuko kilicho kusini ya Bowness, unavuka na baiskeli yako, na uko mwanzoni mwa njia. Kivuko hicho huvutwa kwa nyaya na husimama upepo ukizidi au ziwa likifurika. Kikisimama ukiwa ng'ambo, marejeo ni kuzunguka kupitia Ambleside kaskazini au Newby Bridge kusini. Hakikisha bado kinafanya kazi kabla ya kuvuka.

*Inamfaa nani.* Familia yenye watoto wanaoendesha wenyewe, kwa ukingo wa ziwa pekee, kwenda na kurudi. Kwa mzunguko mzima: mtu anayetaka kuonja njia ya asili bila kuwa mbali na barabara.

Mzunguko wa Borrowdale

Huu unahitaji maneno zaidi, kwa kuwa huku hakuna aliyekutengenezea njia.

*Uso.* Unatoka Keswick kwa lami, unapanda kibarabara chembamba cha Ashness Bridge hadi kijiji kidogo cha Watendlath, kisha njia ya farasi inakuvusha Puddingstone Bank na kukushusha Rosthwaite. Baada ya lami hadi Seatoller, unapanda sehemu ya barabara ya Honister na kukata kulia kwenye njia ya farasi inayopita ubavuni mwa milima hadi kilima cha Castle Crag, unashuka kijiji cha Grange, kisha njia ya ubavu wa mlima Catbells inakurudisha Portinscale na Keswick. Jumla ni kilomita 27 hadi 30 kutegemea unavyokata kona. Mteremko wa Rosthwaite una mifereji ya mawe inayokatiza njia ili kumwaga maji. Ule wa Castle Crag umejaa vipande vya mwamba wa sleti visivyotulia, mabaki ya machimbo ya zamani.

*Kupanda.* Zaidi ya mita 700 kwa jumla, na sehemu kubwa iko kwenye lami. Barabara ya Honister ina mahali penye mwinuko wa asilimia 25. Kusukuma hapo si aibu. Nusu ya waliokupita pia watakuwa wanasukuma ukishapinda kona.

*Mvua.* Seathwaite, kitongoji kilicho karibu na Seatoller, ndicho mahali penye watu panaponyesha zaidi Uingereza, zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Honister ndiko kulikopimwa mvua ya milimita 341.4 ndani ya saa 24, Desemba 2015, wakati wa dhoruba ya Desmond. Vijito vinavyokatiza njia kabla ya Castle Crag, ambavyo siku kavu unavivuka bila kulowesha soksi, vinaweza kujaa ndani ya saa chache. Ukifika Seatoller na milima imefunikwa, rudi Keswick kwa barabara ya bondeni. Ukishaiacha barabara ya Honister, kurudi nyuma kunakuwa kazi sawa na kuendelea.

*Kinachoharibika.* Matairi. Mifereji ya mawe hubana tairi dhidi ya rimu na kutoboa tyubu matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Sleti hukata ubavu wa tairi. Mtu wa kilo 75 mwenye matairi ya inchi 2.4 yasiyo na tyubu, anayeweka psi (kipimo cha upepo wa tairi) 22 mbele na 25 nyuma kule Whinlatter, aongeze psi 2 au 3 kila upande hapa. Abebe pia tyubu moja, vizibo vya kuchomeka, na kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea ndani ubavu ukichanika. Mfereji uvuke moja kwa moja, gurudumu la mbele likiwa jepesi, uzito ukiwa miguuni. Kuuvuka kwa mshazari ndiko kunakoangusha watu.

*Kufika.* Keswick haina treni tangu 1972. Shuka Penrith upande basi, au uje kwa baiskeli: njia ya zamani ya reli kati ya Threlkeld na Keswick, iliyobomolewa na mafuriko ya 2015, ilifunguliwa tena Desemba 2020.

*Inamfaa nani.* Mzoefu mwenye shokapu mbele na nyuma, kiti kinachoshuka kwa kitufe, uwezo wa kuziba pancha peke yake, na saa 4 hadi 6 za mwanga. Mwanga usiupuuze. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, ilhali Juni unaona njia hadi karibu saa nne usiku. Catbells hujaa watembeaji wikendi, na kwa kuwa sheria inakutaka uwapishe, mteremko wako wa mwisho utageuka msururu wa salamu. Alfajiri ya siku ya kazi ni afadhali mno.

Kulingana na hali yako

Mvua inanyesha tangu jana na huna siku nyingine: Whinlatter, ukiwa na padi mpya za breki.

Una watoto, au mtu ambaye hajawahi kutoka kwenye lami: ukingo wa Windermere kwanza, na Quercus kesho yake akiomba zaidi. Usianze na Quercus kisha ukarudi ukingoni, watachoshwa.

Huna gari: Claife. Grizedale inawezekana pia kwa kuvuka na kivuko kisha kupitia Hawkshead, ila miguu itafika North Face ikiwa imeshaonja vilima.

Unaendesha peke yako: Grizedale au Whinlatter, ambako alama zipo na watu wanapita. Borrowdale nenda wawili. Popote pale, ukiumia piga 999, omba polisi, kisha omba waokoaji wa milimani. Kikosi hicho ni cha watu wanaojitolea na hakitozi kitu. Mtandao wa simu bondeni ni dhaifu na ujumbe mfupi hupita pale ambapo sauti haipiti, kwa hiyo siku moja kabla tuma neno "register" kwa 999 ili namba yako iruhusiwe kuomba msaada kwa ujumbe.

Una baiskeli ya umeme: inaruhusiwa kwenye njia za farasi mradi mota yake haizidi wati 250 na inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Itakurahisishia Whinlatter sana. Borrowdale kuna sehemu utainyanyua mikononi, na uzito wake utausikia hapo.

Unazo siku mbili na kiwango chako ni njia nyekundu: anza na kitanzi kimoja cha Altura. Ukishuka bila kusimama na mikono haijakakamaa, Borrowdale kesho yake. Ikikakamaa, nenda Grizedale.